Anti Nijibu: Ndoo nane, hita moja na daftari la LUKU

Haya wanangu, Juni ndo hii. Mbeya asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama eksozi ya Fuso, na kila mwaka ikifika miezi hii barua zenu zinabadilika, za mapenzi zinapungua zinaanza kuja za umeme, maji ya moto na nani kamaliza gesi. Mwezi huu nyingi zimetoka kwa wanafunzi mnaopanga nyumba nzima mkaishi kiushirika, kodi pamoja, msosi pamoja, zamu za deki zimebandikwa ukutani. Nimechukua tano. Zingine yalikuwa matusi mnatumiana wenyewe kwa wenyewe kupitia mimi, hizo nimeziacha.

Anti shikamoo. Mi niko mwaka wa pili, chuo hapahapa Mbeya, tuko wanane wanaume watupu, tumepanga nyumba nzima Iyunga ina vyumba vinne na sebule. Tunaiita Bungeni maana kila siku kikao. Kodi kila mtu 30,000 kwa mwezi tunalipa miezi sita sita, msosi tunachanga, umeme kila mtu 5,000 kwa mwezi inakuwa 40,000 na mimi ndo mtunza hela, walinichagua kwa sababu nasoma uhasibu. Sasa Anti tangu baridi ianze umeme unakata tarehe 15 au 16, nikisema tuchange tena wanasema nimekula. Mmoja kasema mbele ya watu eti raba zangu mpya ni LUKU. Anti sijala hata mia. Halafu kuna mmoja ana jiko la koili chumbani anajipikia usiku, na kuna mwingine hana mkopo wa Bodi, wazazi wake wakulima Mbozi, hela yake inakuja mpaka mahindi yauzwe, wenzangu wanataka atoke. Nimechoka, nataka kuhama nikapange geto langu mwenyewe. Nifanyeje?
*Mbunge wa Iyunga*

Marahaba mwanangu. Tuanze na kukusafisha jina, nimekaa na kalkuleta hapa na chai yangu.

Chukua ndoo ya lita 20. Maji ya bomba ya huko kwenu mwezi huu tuseme yako nyuzi 15, na mtu akioga anataka yafike 45 hivi. Kuyapandisha hizo nyuzi 30 kunakula karibu uniti 0.7 za umeme, na hapo msidanganyane mambo ya hita ndogo na hita kubwa, ndogo inachelewa tu, umeme unaokula ni uleule. Uniti moja kwa nyumba inayotumia kama yenu ni kama 356 ukishaweka na makato yake. Kwa hiyo ndoo moja ni kama 250. Wanane mkioga mara moja tu kwa siku ni uniti 5.6, karibu 2,000 kwa siku, kwa mwezi inagonga 60,000. Na nyie mnachanga 40,000 mnategemea ibaki ya taa.

Sasa kwenye hiyo 40,000 toa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo, ile LUKU inayoikata ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi, inabaki 38,500, hapo unapata uniti kama 108. Ndoo za siku 15 zimekula 84. Zimebaki 24 ndo za taa, simu, laptop nane, pasi, spika ya huyo mnayemjua, na koili ya usiku. Yaani tarehe 15 umeme lazima ukate hata mtunza hela angekuwa malaika Gabrieli. Waambie Anti kasema raba ni zako.

Na ya koili nayo ni hesabu tu. Ya wati 1,000 ikiwaka saa zima ni uniti moja, hiyo ni 356 kwa chai na mayai mawili. Simwiti mwizi, njaa ya saa sita usiku ukiwa na test kesho naijua, ila alipie. Mwekeeni bei, kila akiwasha saa moja 400 kwenye kopo, utaona njaa inavyopungua.

Mtu ataniuliza mbona jirani yao mmama ananunua 10,000 anapata uniti lundo. Nyumba isiyovuka uniti 75 kwa mwezi ina bei yake ya chini, kama 122 kwa uniti. 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku, nyie kwa ndoo peke yake mmepita mara mbili, msahau.

Ile 1,500 sasa. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, sio yenu. Serikali inaikata kwenye mita kwa kuwa ndo njia rahisi ya kuipata, ila mwenye deni ni mwenye jengo. Miezi sita ni 9,000. Siku mnapeleka kodi nendeni na meseji za LUKU mmezipanga vizuri, mwamkieni, mwambieni mzee tunaomba uikate hapa. Wengine wanakata bila neno, wengine wanajikuna kichwa wanasema tutaongea, ila na huyo wa tutaongea keshajua mnahesabu.

Sasa maji ya moto mnafanyaje, kwa sababu siwezi kukwambia mtu wa Iyunga aoge maji baridi Julai, mi mwenyewe sithubutu. Njia mbili. Ya kwanza mpandishe mchango miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, kila mtu aongeze, mkubaliane kabla sio umeme ukishakata. Ya pili ndo nayoipenda: mnapika maharage kwa mkaa si ndio? Yakiiva pale jiko lina moto mzuri tu unakufa bure, tegeni sufuria kubwa la maji hapo, asubuhi mnaongezea kidogo kwa hita. Na hita yenyewe, kabla hujatia kidole kujua kama maji yamepata zima kwenye soketi kwanza uchomoe, wamekufa watu kwa kidole.

Na mkaa jamani, MKAA UNABAKI NJE. Najua huku kwetu watu wanaingiza jiko chumbani lipashe, wanafunga dirisha wanalala. Ule moto unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, hukohoi wala hushtuki, kichwa kinauma kidogo unaona ni usingizi. Asubuhi wanavunja mlango. Usiseme umeacha upenyo, usiseme makaa yameshakuwa mekundu hayana moshi, mekundu ndo hayohayo. Blanketi la pili bei rahisi.

Turudi kwa hela. Kosa lako mwanangu sio wizi, kosa lako hesabu iko kichwani na kwenye simu yako. Mi nimeishi Kihesa pale Iringa wakati nasoma, tulikuwa wadada sita, mtunza hela mimi, na tulikuwa na daftari la kurasa 96 lina twiga kwenye kava, limetobolewa kona na msumari wa moto likafungwa uzi likaning'inia chini ya mita. Ukinunua umeme unaandika tarehe, hela, uniti, na uniti zilizokuwa zimebaki kwenye rimoti ya mita kabla hujaingiza tokeni. Hiyo ya mwisho ndo siri, maana inaonyesha toka tulivyonunua mara ya mwisho mpaka leo tumekula ngapi, na mtu akisafiri wikiendi mnaona kabisa namba imeshuka, hamna haja ya kumwita kikaoni. Na nikwambie kitu ambacho wenzangu wa Kihesa wakisoma hapa watanipigia simu: mi nilikula hela. 18,000 ya gesi. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa linaingia Ijumaa kila mtu anasema Ijumaa, nikasema naazima narudisha, nikasukia nywele. Bumu likaingia baada ya wiki mbili. Gesi ikaisha Jumanne tunapika wali, ukabaki mgumu katikati, tukaula hivyohivyo, mi natafuna kila punje naijua jina. Walijua kwa sababu ya lile daftari. Hawakunifukuza, walinipa zamu ya choo mwezi mzima na mtunza hela akawa mwingine, na toka siku hiyo tukaweka watu wawili, anayeshika hela na anayeandika wasiwe mtu mmoja. Fanyeni hivyo leo. Wewe baki na kalamu, hela ashike huyo anayeongelea raba.

Sasa huyu wa Mbozi mnayetaka kumtoa, hapo mmeniudhi. Mnakula ugali kila siku watu wanane, mnanunua unga wa kilo kilo dukani kwa Mangi, af mna mtoto wa mkulima wa mahindi ndani ya nyumba mnasema hana mchango? Mwambieni alete gunia. Linapakiwa kwenye basi linashushwa stendi, mnakwenda sokoni Soweto au Mwanjelwa mnauliza gunia leo bei gani, mnaandika bei hiyohiyo kwenye daftari jina lake, mnatoa nauli ya mzigo, yeye keshalipa msosi. Mnasaga dona mnashiba. Maharage akiwa nayo hivyohivyo. Wenye mkopo wanapata 10,000 kwa siku ya kula na kulala wakati yeye anasubiri baba yake apate mteja, sasa mkimpangia tarehe moja na nyie mnamwonea tu. Mpangieni msimu.

Kuhama sikukatazi, ila geto la peke yako utanunua hita yako, jiko lako, mtungi wako, na kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi ya huzuni.

Anti mambo. Kaka yangu mtoto wa mjomba anasoma Marekani, ananiambia anaishi kwenye nyumba ya wanafunzi ambayo hamna mwenye nyumba, wanafunzi wenyewe ndo wenye nyumba na wanapangiana kazi. Nikamwambia acha uongo. Ni kweli? Na huku si tunaweza kufanya?
*Sae, Mbeya*

Poa mwanangu. Kweli kabisa, mwombe msamaha. Pale Berkeley, California, walianza wanafunzi 14 mwaka 1933, ule wakati uchumi umeanguka dunia nzima na watu wanaacha chuo kwa kukosa pa kulala. Leo wana nyumba kibao zinalaza wanafunzi zaidi ya elfu moja. Na mwaka huohuo 1933 huku kwetu wakulima wa kahawa Kilimanjaro wanasajili ushirika wao, KNCU, yaani shida ni ileile tu, mmoja kabanwa na bei ya kahawa mwingine na bei ya kitanda. Mambo yenyewe yanafuata zile kanuni za wafumaji wa Rochdale, Uingereza, 1844, mtu mmoja kura moja, uwe na hela usiwe na hela.

Inavyoenda ni hivi, nyumba ni ya chama. Ukiingia unalipa kiingilio, unalipa kila mwezi, hela inalipa mkopo wa jengo, ukarabati na chakula, na hamna mtu anakula faida katikati. Ukihitimu unaondoka, nyumba hubebi, inabaki kwa wanaokuja. Na juu ya hela unadaiwa kazi, kule Berkeley nyumba zinazokula pamoja kawaida ni saa 5 kwa wiki, kupika, kuosha masufuria, kusafisha choo, kununua mboga. Usipofanya unapigwa faini. Uingereza nako hii sio ya kizamani tu, Edinburgh walifungua mwaka 2014 wanafunzi 106, na hao walianza kwa kukodisha majengo, sio kununua.

Huku? Sheria ipo, ya vyama vya ushirika ya 2013, na vyama vya nyumba vinaruhusiwa, unaanzia kwa afisa ushirika wa halmashauri, juu yake kuna Tume ya Maendeleo ya Ushirika na mrajisi. Mtoto wa Mbozi au Rungwe haya hayamtishi, AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, kaziona tangu anabebwa mgongoni, na mazuri na machafu yake. Ugumu sio karatasi, ugumu ni kwamba mwanafunzi yuko pale miaka mitatu na jengo linataka mtu wa miaka ishirini. Kule wanaajiri watu wa kudumu ofisini, wanafunzi wanapita, mafaili yanabaki. Nyie mnaopanga wanane sio ushirika kwa sheria, ni wapangaji mnaopendana, na hakuna ubaya, chukueni kwao vile vya bure: kura moja moja, na kazi kuhesabiwa kwa saa. Ila kama kuna SACCOS ya walimu au chuo inasoma hapa na ina kiwanja kimelala, mi nimesema.

Kamwene Anti. Niko Iringa, Kihesa, tunaishi sita, wasichana watatu wavulana watatu, vyumba mbalimbali lakini tunakula pamoja. Wanaopika ni sisi. Tukisema wavulana nao wapike wanasema wao wanachota maji na kununua mkaa, kazi nzito. Maji yenyewe yanatoka siku hizi kila siku, mkaa gunia moja mwezi mzima. Na wakipika siku moja wanapika tambi. Tuwafanyeje?
*Tumechoka Kihesa*

Kamwene mwanangu, na Kihesa yangu nisalimie.

Usigombane, andika. Wiki moja tu, kila mtu aandike dakika zake, kuchambua mchele dakika 20, kukaa na maharage saa mbili, kuosha vyombo vya watu sita dakika 40, kwenda gengeni, kupiga deki. Na wao waandike za kwao, kumwita muuza mkaa dakika 3. Jumapili mnasoma kwa sauti wakati wa kula. Kazi nzito sikatai, ila gunia moja kwa mwezi nalo litakuwa zito kiasi gani? Mkishajumlisha mnagawanya kwa sita, kila mtu anadaiwa saa kadhaa, achague mwenyewe atazilipa kwa nini. Anayeogopa sufuria achukue choo na vyombo, asiyependa choo ajifunze maharage, maharage hayana siri ni kuwa na subira na chumvi uweke mwisho.

Na tambi kuleni. Wiki ya kwanza tambi, ya pili tambi, ya tatu watazichoka wenyewe. Mkiingilia kupika siku yao kwa sababu hamzipendi basi mmeshashindwa, nawaambia kwa uzoefu.

Anti shikamoo, sisi tuko watano Mbeya, mkataba wa nyumba alisaini mwenzetu mmoja, kahitimu kaondoka. Sasa mwenye nyumba anasema sisi hatujui, anataka tuanze upya tulipe na kodi ya miezi miwili ambayo tunajua tulishampa huyo mwenzetu. Simu haipokei.
*Watano Watakatifu*

Marahaba. Hapo kuna madeni mawili msiyachanganye. Kama hela mlimpa mwenzenu na yeye hakufikisha, mwenye nyumba hana kosa, mdaiwa wenu ni huyo asiyepokea simu, mtafuteni kwao kwa ustaarabu, wazazi wa huku wanaona aibu haraka. Kama alifikisha, kuna meseji ya muamala au risiti, mwombeni mwenye nyumba muangalie pamoja kabla ya kubishana. Mkishindwana nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti awaite wote mkae, kesi za kodi wanazijua kuliko chakula cha mchana.

Mkataba mpya waingie majina matano yote na sahihi tano, ushuhudiwe hapo mtaani, na hela ipite kwenye simu au benki ibaki na alama. Halafu mzunguke nyumba mwandike nini kimevunjika siku mnaingia, kioo, kitasa, sinki. Sisi Kihesa tulilipishwa kioo cha dirisha kilichokuwa na gazeti toka tunahamia. Gazeti lenyewe lilikuwa la miaka miwili kabla yetu, na bado tulilipa.

Anti, trei la mayai nilinunua mwenyewe nje ya mchango nikaandika jina langu juu, kila siku linapungua yai moja. Moja tu. Tunaishi saba. Nani?
*Mwenye mayai, Uyole*

Moja kwa siku, kila siku, bila tamaa, huyo mwanangu ni mtu mwenye ratiba. Angalia nani anaenda kukimbia asubuhi. Au kama mna mmoja ana koili chumbani, soma jibu la kwanza.